Mwenye Saa Pembeni ya Uwanja

Watu wengi wa mkoa wetu wa Singida wanaikumbuka Jumatatu ya tarehe 15 Septemba 2025. Huku kwetu hakujapambazuka bado, na jijini Tokyo ndugu yetu Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi, alikuwa anaingia uwanjani kumaliza marathoni ya Mashindano ya Dunia. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani naye aliandikiwa muda huohuo, ikabidi waamuzi watazame picha ya mstari wa mwisho. Waliachana kwa sehemu 3 za mia moja za sekunde. Tanzania ikapata bingwa wa dunia wa riadha kwa mara ya kwanza, tena kutoka kwenye vumbi letu hili la alizeti na mtama.

Tumeshangilia, na ilikuwa haki. Ila katika makala hii tunataka kuwatazama watu ambao hawakuwamo kwenye picha ile. Kabla ya Tokyo, heshima kubwa ya riadha yetu ilikuwa Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ambako tulipata medali mbili za fedha kwa siku mbili mfululizo: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Hadi leo nchi yetu haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Kati ya Moscow na Tokyo ni miaka 45. Moto hauwezi kukaa miaka 45 bila mtu wa kuchochea kuni, na wachochezi wenyewe mara nyingi ni wakimbiaji wa zamani.

Tumchukue Nyambui. Alizaliwa Majita, mkoani Mara, mwaka 1953, na kabla ya kujulikana kwa mbio alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Moscow alimaliza nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa muda usiofika hata sekunde moja: 13:20.91 kwa 13:21.60. Alisoma Marekani, katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, na huko alikuwa tishio kwenye mashindano ya vyuo. Alipofika umri ambao wengi hutundika viatu, alihamia marathoni, akashinda Berlin mwaka 1987, akarudi na kushinda tena 1988. Mwaka ule alikuwa na miaka 35.

Baada ya hapo akarudi kwenye ualimu, safari hii ualimu wa mbio. Aliwafundisha wakimbiaji wetu, akawa Katibu Mkuu wa Riadha Tanzania, kazi yenye lawama nyingi kuliko shukrani, kama ajuavyo kila aliyewahi kuwa katibu wa chochote. Kisha akaenda kufundisha Brunei, nchi ndogo katika kisiwa cha Borneo, isiyo na jina kubwa katika mbio. Tukifikiri jambo hilo tunanyamaza kidogo. Mtu aliyekosa dhahabu ya Olimpiki kwa pungufu ya sekunde moja anasimama pembeni ya uwanja na saa mkononi, akiwahesabia mizunguko vijana ambao wengi wao hawatausogelea muda wake wa mwaka 1980.

Tena kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mkimbiaji hodari mara nyingi hajui anafanyaje. Mwili unajua wenyewe. Akiwa mwalimu inambidi aurudie ujuzi ule hatua kwa hatua, autafutie maneno. Inambidi amwambie kijana mwenye nguvu apunguze mwendo, jambo ambalo yeye mwenyewe ujanani asingelikubali. Na siku ya shindano hana la kufanya. Aliyezoea kushinda kwa miguu yake sasa anategemea miguu ya mtoto wa watu.

Wageni wetu kutoka sharika rafiki za Marekani hupenda kusimulia habari za gofu, mchezo ambao wengi wetu huku tunauona kwenye televisheni tu. Moja ya habari hizo tumeitunza. Harvey Penick wa Austin, Texas, alianza akiwa na miaka minane kwa kuwabebea wachezaji mikoba yao ya fimbo, akawa mchezaji wa kulipwa. Siku moja akamwona Sam Snead akipiga mpira, akajua kwamba yeye hatafika pale, akaamua nguvu zake zote ziende kwenye kufundisha. Wanafunzi wake wawili, Tom Kite na Ben Crenshaw, wakawa mabingwa. Wanasema hakutaka mmoja asikilize mafunzo ya mwenzake, maana dawa ya huyu ingeweza kuwa sumu ya yule. Miaka mingi aliandika aliyoyaona katika daftari jekundu, na kitabu chake kilitoka mwaka 1992, naye akiwa mzee wa karibu miaka 88. Alifariki tarehe 2 Aprili 1995. Crenshaw akaenda kubeba jeneza la mwalimu wake, akarudi uwanjani, na Jumapili ile ile, tarehe 9, akashinda mashindano ya Masters. Mwalimu hakuuona ushindi huo.

Katika Maandiko mtu wa namna hii ni Barnaba. Mitume walipomwogopa Sauli, Barnaba ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwao. Sauli alipokuwa amekaa kimya Tarso, Barnaba alifunga safari kwenda kumtafuta, akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Someni Matendo ya Mitume sura ya 13 kwa kuangalia mpangilio wa majina. Mwanzoni ni Barnaba na Sauli. Kabla sura haijaisha, imekuwa Paulo na Barnaba. Luka hasemi kama Barnaba aliumia. Anasema tu, sura mbili mbele, kwamba walitengana kwa sababu ya Yohana Marko, kijana aliyewaacha njiani, na kwamba Barnaba alimchukua Marko akaondoka naye. Alikuwa ameanza tena na mwingine! Miaka baadaye Paulo mwenyewe anaandika akiomba aletewe Marko kwa kuwa anamfaa. (Sisi Walutheri tukumbuke pia kwamba Luther aliyesimama mbele ya Kaisari huko Worms mwaka 1521 ndiye aliyeketi mwaka 1529 kuandika Katekisimu Ndogo, ili baba nyumbani apate cha kuwafundisha watoto.)

Habari hizi tunazo karibu kwa sababu na sisi tulihamishwa. Tulitoka katika usharika wa mjini wenye kwaya nne na ibada tatu kila Jumapili, tukapelekwa kufundisha wainjilisti katika chuo kidogo. Ndugu walipotutembelea walisema, "Pole, Mchungaji. Bwana anaona." Mzee mmoja wa kanisa alituuliza kwa upole kama kuna jambo limeharibika kati yetu na wakubwa. Hakuna lililoharibika. Ila pole ikirudiwa sana mtu huanza kujipapasa kama ana jeraha. Hatutaficha: Jumapili asubuhi kengele inapolia, bado tunatamani mimbari.

Mwaka jana tulikwenda kumsikiliza mmoja wa wanafunzi wetu akihubiri mtaani kwao, Mkalama. Somo lilikuwa mfano wa mpanzi. Darasani tuliwaambia washike kitu kimoja ambacho msikilizaji anakijua kwa mikono yake, na mfano wetu ulikuwa wa mahindi. Yeye akatoa mfukoni konzi ya alizeti na bakuli la maji. Akamimina. Mbegu pepe zikaelea, nzima zikazama. Kina mama wakacheka, maana ni kazi yao ya kila msimu, kisha kanisa zima likanyamaza. Katika miaka 17 ya uchungaji hatujawahi kupata mfano mzuri kama ule. Tulikaa benchi la nyuma, furaha na wivu vikiwa vimeketi pamoja nasi, kimoja kila upande. Baada ya ibada watu walimzunguka yeye. Mtoto mmoja akatuuliza kama sisi ndio dereva.

Mwaka huu tunao wanafunzi 11. Mmoja hupaza sauti kabla hajafika kwenye neno lenyewe, na ametuahidi kwamba atapunguza. Mwingine, dada wa kutoka Manyoni, ana sauti ndogo ambayo watu husogea mbele kuisikia. Huyo hatutaki aipandishe. Alhamisi atahubiri dakika 10 bila karatasi, na sisi tutakaa nyuma na saa.