Sabato Mbili, Mume Mmoja

Mwenyezi Mungu alifanya kazi siku sita akapumzika siku moja. Mimi nina siku mbili za mapumziko kila juma, na ni katika hizo mbili ndipo ninapochoka zaidi.

Kisa na maana ni ndoa. Kwetu ni Migori, na mama yangu ni Msabato tangu utotoni. Kwao mama watoto ni Homa Bay, na wazazi wake ni Wakatoliki wasiokosa Misa hata mvua inyeshe ya mawe. Zamani kote huko kulikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, makao yake makuu yakiwa Homa Bay. Lakini kabla serikali haijaigawa, makanisa yalikuwa yamekwisha kuigawa. Wamishenari Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906. Wakatoliki nao wakajenga misheni yao Asumbi miaka michache baadaye. Basi ukioa kutoka ng'ambo ile, Jumamosi u kanisani na mama, Jumapili u kanisani na mkwe. Siku ya kufua soksi sijui ni ipi.

Likizo ya Agosti iliyopita nilijipatia mambo matatu kwa wakati mmoja. Mama alipiga simu akasema, "Njoo, nina neno." Baba mkwe akasema kuna harambee ya paa la kanisa Jumapili, na kiti changu kipo. Binti yetu mkubwa naye alipewa na mwalimu wake kazi ya kuandika juu ya mahali pa kale, akanikumbusha kwamba Thimlich Ohinga nimemwahidi likizo tatu mfululizo. Mimi, kama ilivyo desturi yangu, niliwaitikia wote watatu. Mama watoto alinitazama tu, akaendelea kukunja nguo.

Tuliabiri basi la usiku Nairobi siku ya Alhamisi, na alfajiri tukashuka Migori tukiwa tumekunjamana kama mashati ndani ya mfuko. Mji huu hauna subira. Barabara kuu iendayo Isebania na mpaka wa Tanzania inaupasua katikati, na kabla jua halijatoka utasikia Kijaluo, Kikuria na Kiswahili vikishindana na honi za malori. Tuliacha mizigo kwa mama, tukanywa chai na viazi vitamu, nikakodi gari.

Thimlich Ohinga iko kiasi cha kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji, na mwendo wenyewe si wa kukimbia. Ukifika unakuta kuta za mawe matupu, yaliyopangwa moja juu ya jingine bila udongo wala saruji, nyingine zikimzidi mtu mrefu kimo. Wataalamu wanakadiria kwamba zilijengwa katika karne ya 16, na mwaka wa 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Ndani walikaa watu na ng'ombe wao. Milango yake ni mifupi, hata mtoto huinama, maana aingiaye ameinama hawezi kurusha mkuki. Binti yangu aliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Mdogo wake aliuliza kama watu wa kale nao walikuwa na harambee. Nilimwambia mawe yote hayo hayakujibeba.

Lo! Nilipotazama saa ilikuwa imefika kumi na moja. Kwa mama, Sabato huanza Ijumaa jua linapotua. Kufikia hapo maji yawe yametekwa, viatu vimepigwa rangi na chakula kimeiva. Yoshua alisimamishiwa jua kule Gibeoni. Langu mimi lilikuwa linashuka kwa kasi kuliko gari. Tulifika ua ukiwa na giza na mama amekaa mlangoni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Karibuni. Viatu vyenu vitaenda kanisani na vumbi."

Siku ya pili kanisani, wakati wa somo, mama alinisukumia Biblia yake akaniambia nisome. Nilisoma kwa sauti, kifua mbele, nikidhani ninapewa heshima ya kijana aliyetoka mjini. Nyimbo aliziimba zote bila kufungua kitabu, nami nikastaajabia kumbukumbu yake.

Baada ya chakula nilimwuliza lile neno. Alisema, "Lina pesa ndani yake. Si la leo. Subiri jua litue."

Hapo ndipo hesabu zangu zilipovurugika. Nilikuwa nimekodi Probox ije kutuchukua saa kumi na mbili na nusu, tufike Homa Bay usiku huohuo. Mama watoto na watoto wangelala kwa wazazi wake, nami, kwa kuwa mkwe anayeshika mila za Kijaluo halali kwa wakwe zake, ningelala gesti mjini. Jua lilipogusa miti, honi ikalia langoni. Mama alikuwa ndio kwanza anavuta kiti.

Mama watoto alinisoma usoni. "Baba watoto, wewe bakia. Kiti chako dereva atampa mtu kabla hatujafika Awendo."

Tulibaki wawili. Mama, ambaye Kiswahili alikiokota sokoni, aliniambia kwa lugha ya muuguzi aliyempima. "Amesema ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Huyu mtoto hakai mbali nami hata siku moja. Wewe wa tumboni wapita tu."

Alicheka. Mimi sikuweza. Safari tatu nilizokuja kabla ya hapo, nilifika asubuhi nikaondoka jioni, na kila mara alinipa barua za watu nimsomee. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Tulizungumza juu ya upasuaji, gharama yake, na nani atamwongoza kwenda na kurudi. Alitaka awe mimi. Tulikubaliana Jumamosi tatu mbele tuwe kanisani pamoja, kisha Jumapili tusafiri, Jumatatu asubuhi tuwe hospitalini.

Jumapili nilidamka peke yangu. Awendo ilikuwa na miwa pande zote, Rongo nikabadilisha gari, nikapita Asumbi kengele zikilia, na hapo nikajua nimechelewa. Kisha barabara inateremka na ghafla ziwa linakufungukia mbele, na kilima cha Asego kimesimama kando ya mji kama mlinzi. Omena zilikuwa zimeanikwa kwenye nyavu, zikimeta.

Baba mkwe alinipokea kwenye ua wake, chini ya mwembe. "Misa imekwisha, mkwe, lakini chakula hakijaisha." Kisha akanipa mkono mara ya pili. "Na hongera. Tumekuchagua uwe mweka hazina wa paa."

"Nikiwa sipo?"

"Walikuwa na imani nawe zaidi kwa kuwa hukupo kukataa."

Watu walicheka. Nikauliza mkutano wa kwanza ni lini. Ulikuwa Jumapili ileile, tatu mbele. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka useme ndiyo, kwa mazoea. Nikamwona mama watoto amesimama na sahani, hatii neno.

"Baba," nikasema, "siku hiyo nampeleka mama macho. Hazina mpeni mwingine."

Palikuwa kimya kidogo. Mzee alikuna kidevu. "Macho ya mama yako?" Alinyamaza tena, kisha akamwita shemeji yangu, akamwambia daftari la paa sasa ni lake. Shemeji alinitupia jicho ambalo nitalilipia Krismasi.

Jioni tulishuka ufukweni. Mama watoto alinunua samaki wawili, mmoja wa safari na mmoja, akasema, apelekwe Migori na basi la asubuhi.