Haidroliki ya Gari la Auto: Ipime Kabla ya Msimu, Ibadilishe Kabla Haijaungua

Leo tunaweka kando mbolea na viuatilifu, tunaingia chini ya gari. Najua wapo watakaouliza, "Bibi shamba, tangu lini umekuwa fundi?" Fundi siyo mimi. Lakini nyanya ikishavunwa haina subira. Unaweza kupanda mbegu bora, ukapiga dawa kwa wakati, ukavuna vizuri, halafu matenga 60 yakalala mlimani siku mbili kwa sababu gari linavuma bila kusogea. Hasara hiyo nayo ni hasara ya kilimo, iandike kwenye daftari lile lile.

Pikapu kuukuu kutoka Japani zimekuwa nyingi vijijini, na baadhi ni za gia otomatiki. Mwenye gari anabadilisha oili ya injini, anaangalia maji ya rejeta, anajaza upepo. Ukimuuliza haidroliki ya gia boksi ilibadilishwa lini, anakujibu, "Nilivyolinunua ndivyo lilivyo."

Haidroliki inafanya kazi gani?

Kwenye gari la gia za mkono, mguu wako ndio unaokanyaga klachi. Kwenye gari la auto kazi hiyo inafanywa na oili nyekundu inayosukumwa na pampu. Oili hiyo hiyo inabana sahani za klachi, inalainisha vyuma, inabeba joto kulipeleka kwenye rejeta, na inazipa sahani mshiko unaotakiwa. Ikichoka, vyote vinne vinadhoofika kwa pamoja.

Chujio limekaa mdomoni mwa pampu, ndani ya sampu ya gia boksi. Unaijua pampu yako ya umwagiliaji: chujio la bomba la kuvutia maji likizibwa na majani, injini inanguruma lakini maji hayafiki shambani. Gia boksi nayo ni hivyo hivyo.

Maneno mawili ya kijiweni

Neno la kwanza: "Haidroliki haibadilishwi maisha yote ya gari." Siyo kweli kwa gari linalobeba mizigo. Joto linaipika na vumbi la sahani za klachi linaichafua. Kwa gari la mzigo la huku kwetu, nashauri usivuke km 40,000 bila kuibadilisha.

Neno la pili: "Ukibadilisha kwenye gari la zamani, gia boksi inakufa." Hili lina chanzo chake. Watu wengi hubadilisha haidroliki wakati gia zimeshaanza kuteleza, yaani sahani zimeshakwisha. Gia boksi ikifa wiki inayofuata, lawama inakwenda kwa oili mpya. Oili mpya hairudishi sahani iliyolika. Kwa hiyo swali la kwanza siyo "nibadilishe au nisibadilishe?" Swali ni "iliyomo ina hali gani?"

Mwaka jana kikundi cha vijana katika kata yangu kilipata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Walitaka pikapu ya kusombea nyanya, wakaniomba niende nao kuiona. Ilikuwa imepigwa rangi ikang'aa. Muuzaji alikiri kwamba gia "zinachelewa kidogo", akasema tukiweka haidroliki mpya na chujio, gari litakuwa jipya. Tulichomoa dipstiki, tukaifuta kwenye karatasi nyeupe. Oili ilikuwa ya kahawia nzito, na ilinuka kama ugali ulioungulia sufuriani. Fundi tuliyekwenda naye alitoa gia kutoka P kwenda D. Tukahesabu mpaka nne ndipo gari likashika.

Fundi aliwaambia, "Hapa hamnunui haidroliki, mnanunua gia boksi."

Mwenyekiti wao alitaka kulipa hivyo hivyo, maana nyanya zilikuwa zinaiva na marejesho ya mkopo yalikuwa yanakaribia. Sikumlaumu. Waliomba bei ipunguzwe kwa kiasi cha gia boksi, muuzaji akakataa, wakaondoka. Wiki tatu walikodi usafiri wa watu, na faida ilipungua kweli. Kisha wakapata gari lingine, lina kutu mlangoni na kiti kimechanika, lakini haidroliki yake ilikuwa bado nyekundu. Hilo ndilo wanalolitumia mpaka leo, na walilibadilishia haidroliki na chujio kabla halijabeba tenga la kwanza.

Namna ya kupima

Kwa Toyota nyingi za zamani zenye dipstiki ya gia boksi: endesha gari kama dakika 20 oili ipate joto, simama mahali tambarare, vuta handibreki. Injini ikiwa inaunguruma na mguu uko kwenye breki, pitisha gia zote taratibu kisha rudisha P. Chomoa dipstiki, futa, rudisha, chomoa tena. Oili ifike kwenye alama za HOT. Magari mengine yana utaratibu wake. Honda nyingi, kwa mfano, hupimwa mara tu baada ya kuzima injini. Soma kitabu cha gari au uliza fundi anayelijua gari hilo.

Halafu angalia rangi:

- Nyekundu inayopitisha mwanga: nzuri.
- Kahawia, haina harufu ya kuungua, gia zinaingia vizuri: huu ndio wakati wa kubadilisha.
- Nyeusi, inanuka kuungua, gia zinateleza: usitumie hela kwenye oili kabla fundi hajakagua gia boksi.
- Pinki kama maziwa: maji yameingia, mara nyingi kupitia kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta. Usiendeshe.

Namna ya kubadilisha

Mpe fundi kazi, lakini simama pale uone.

1. Nunua haidroliki iliyoandikwa kwenye dipstiki au kitabu cha gari. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinataka Dexron II au III. Gari la CVT lina oili yake, usichanganye. Nunua pia chujio na gasketi ya sampu.
2. Oili iwe vuguvugu, isiwe ya moto wa kuunguza. Gari likae kwenye stendi imara, siyo jeki peke yake wala matofali, na magurudumu yazuiwe kwa mawe.
3. Fungua nati ya chini, kinga oili kwenye chombo kinachoonyesha lita. Kiasi kilichotoka ndicho utakachoanza kurudisha.
4. Fungua bolti za sampu, nyingi ni za spana namba 10. Shusha upande mmoja kwanza, maana oili bado imo.
5. Toa chujio. Bolti zake huweza kuwa na urefu tofauti, kwa hiyo zichomeke kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio zilivyokaa.
6. Osha sampu na sumaku zake, kausha, na usitumie kitambaa kinachoacha nyuzi.
7. Funga chujio jipya, gasketi mpya, kisha bolti za sampu kwa kuzunguka pande zote. Kaza kidogo tu, karibu Nm 7 kwa Toyota nyingi hizi. Nguvu ya bega inakunja sampu, nayo itavuja.
8. Jaza kupitia tundu la dipstiki kwa faneli safi, washa injini, pitisha gia, pima, ongeza kidogo kidogo. Kuzidisha nako ni kosa, kwa sababu oili inatoa povu.

Kabla hajaosha sumaku, mwambie fundi akuonyeshe. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Chenga za chuma zinazonasa kwenye sumaku zinaashiria beringi, gia au sahani zinalika. Chenga za rangi ya shaba zisizonasa zinaashiria bushi.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: oili haitoki yote. Gia boksi ya A340, iliyomo kwenye Hilux Surf na baadhi ya pikapu za Toyota za miaka hiyo, hutoa karibu lita 2 tu ukifungua nati ya chini, wakati ujazo wake wote unazidi lita 6. Nyingine inabaki kwenye konveta. Chukulia gia boksi ya lita 8 inayotoa lita 2: mara ya kwanza umepata robo mpya, mara ya pili karibu asilimia 44, mara ya tatu karibu asilimia 58. Ndiyo maana nashauri umwage na kujaza mara mbili au tatu, ukiachanisha wiki chache. Chujio unabadilisha mara moja tu. Hivyo gharama pia unaigawa, huhitaji kutoa hela yote siku moja.

Usiiunguze tena

Ukitoka Ruaha Mbuyuni na vitunguu kupanda Kitonga, gunia za lumbesa ndizo zinazopika haidroliki. Punguza mzigo. Zima O/D wakati wa kupanda ili gia zisibadilike-badilike. Wakati wa kushuka weka 2 au L, injini ilishike gari, usitegemee breki peke yake.

Gari la auto likizima njiani, usikubali livutwe kwa kamba magurudumu yote yakiwa chini. Injini isipozunguka, pampu ya gia boksi haizunguki, na vyuma vinasagana bila oili. Linyanyuliwe magurudumu yanayoendesha, au propela shafti itolewe. Kama ni la difu mbili, lipakiwe kwenye lori.

Na oili chafu, ndugu zangu, isimwagwe kwenye mfereji wala shambani. Ifungwe kwenye dumu ipelekwe gereji wanakokusanya. Tena msimpake mbuzi mwenye ukurutu. Ina mabaki ya vyuma na kemikali, inamdhuru. Dawa ya ukurutu ipo, njoo ofisini tuzungumze.

Nyanya za awamu ya kwanza hazijaanza kuiva. Kesho asubuhi, kabla hujapakia chochote, chomoa dipstiki na kipande cha karatasi nyeupe mkononi. Nakutakia msimu mwema na safari njema.