Bundi wa Tengeru

Utotoni mwangu hapa Tengeru, ndege tuliziunda kwa mabua ya mahindi, magurudumu tukayakata kwenye kandambili zilizochakaa. Tulizoziona ni zile zilizopita juu zikielekea uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), kwa hiyo kila ndege yetu ilikuwa ya abiria. Ndipo mjomba, aliyekuwa akiwapeleka watalii mbugani, akaniletea sanduku alilopewa na mgeni. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunganisha na karatasi ya stika. Juu ya mfuniko palikuwa na picha ya ndege nyeusi: Boulton Paul Defiant, kipimo cha 1/72.

Nilipomaliza kuiunganisha ilikuwa na upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Niliipaka nyeupe na buluu, nikaichorea twiga mkiani kama za Air Tanzania. Kibanda cha kioo chenye mitutu minne nyuma ya rubani sikukijali. Kwangu ile ilikuwa ndege ya kwenda Dar es Salaam.

Ukubwani nikaanza kusoma kuhusu ndege hiyo, na kibanda kile ndicho kilichonishika. Rubani wa Defiant, ndege ya kivita ya Uingereza, hakuwa na bunduki ya mbele. Rashasha zote nne zilikuwa mikononi mwa mwenzake wa nyuma. Mwaka 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani waliugundua udhaifu huo, wakaziangusha nyingi mchana, zikahamishiwa kazi ya usiku. Gizani Defiant iliweza kuinyemelea ndege ya mabomu kwa chini, ikaenda nayo sambamba huku mitutu imeelekezwa juu. Wawili hao walipaswa kuaminiana kwelikweli: mmoja anaendesha, mwingine anapiga.

Miongoni mwa waliozirusha ni Kikosi cha 307, Wapolandi waliokusanyika Uingereza Septemba 1940 wakajiita Bundi wa Lwów. Lwów ulikuwa mji wa mashariki mwa Poland. Leo ni Lviv, Ukraine. Hapo nilikiweka kitabu chini. Wapolandi wa Tengeru, ambao makaburi yao yapatayo 150 nimeyapita tangu nikiwa mtoto, wengi walitoka pande hizohizo za mashariki. Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu mwaka 1940 na 1941 hadi Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa walipitia Iran, wakavuka bahari, na kuanzia 1942 wapatao 5,000, hasa wanawake na watoto, wakaishi chini ya Mlima Meru katika nyumba za duara zilizoezekwa nyasi. Bibi yangu, akiwa binti, aliwauzia ndizi. Alizikumbuka nyimbo zao za kanisani.

Nikaikwangua rangi ya zamani. Nikaipaka ndege nyeusi tupu, nikaandika EW ubavuni, herufi za kikosi hicho, nikaweka miraba midogo myekundu na myeupe ya Poland, kisha kwa brashi nyembamba kabisa nikamchora bundi, nembo yao. Bibi alipomwona alishtuka.

“Mjukuu wangu, bundi ndani ya nyumba?”

“Huyu ni mlinzi, bibi. Ni wa kaka zao wale uliowauzia ndizi.”

Nikamsimulia usiku wa Mei 1942, mji wa Exeter, Uingereza, ulipopigwa mabomu na Wajerumani, nacho kikosi hicho, wakati huo kikiwa na ndege za Beaufighter zenye rada, kikapaa kuulinda. Alisikiliza mpaka mwisho. Alijua wanaume wao wako vitani, maana wanawake walisema. Hakuwahi kufikiri kwamba wengine walipigana angani, tena gizani. Akaishika ndege, akaigeuza taratibu, akauliza: “Vita ilipokwisha, walirudi kwao?”

Wengi hawakurudi. Lwów ulibaki mikononi mwa Wasovieti. Kikosi kilivunjwa Januari 1947, na watu wa Tengeru wakatawanyika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, wengine Uingereza, wengine Kanada na Australia. Bundi alibaki sebuleni, kwa ruhusa ya bibi.