Urafiki Ulioanza kwa Katuni

Ndugu msomaji, nina kosa nililolitenda ndani ya nyumba yangu, na nimeona ni wajibu wangu kulisimulia. Nachelea kwamba wazazi na walezi wengi wa mwambao wetu huu, tangu Moa mpaka Pangani, wanalitenda kila siku huku wakidhani kuwa wanalea.

Mwaka 2022 mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, aliletwa kwangu Tanga kutoka Maskati. Mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na baba yake, ambaye kazi yake ni ya safari, aliona ni bora kijana alelewe na watu wa upande wa mama. Nikampokea kwa mikono miwili. Alikuwa na umri wa miaka 14, mpole, mwenye adabu, na sala haimpiti. Lakini hakuwa na mtu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Waswahili wa Oman, kilichochanganyika na Kiarabu, na vijana wa mtaani kwetu Ngamiani wakimcheka na kumwita Mmanga. Akitoka shule huingia chumbani, akajiinamia na simu yake akitazama katuni za Kijapani, zile ziitwazo anime. Nikimwita huitika, "Labeka, mjomba," akaja, akatumwa, akarudi chumbani.

Mke wangu alikuwa akiniambia, "Mtoto huyu ana huzuni." Nami nikimjibu, "Huzuni gani? Ana simu."

Baadaye nikaanza kuona mabadiliko. Kijana akawa hachelewi kula, akawa anacheka, na saa za alasiri ikawa hapatikani chumbani bali barazani, yeye na wenzake wawili. Mmoja ni mtoto wa muuza samaki wa pale Deep Sea, na mwingine anajifunza ufundi wa simu. Walivyojuana nimekuja kusimuliwa baadaye, nayo ni khabari ya kupendeza. Mpwa wangu alikuwa amechora kwenye daftari lake kijana anayepiga mpira. Yule mtoto wa muuza samaki akauona mchoro, akasema, "Huyu ni Tsubasa." Mpwa wangu akasema, "La, huyu ni Majid." Wakabishana karibu wakasirikiane, mpaka ikadhihiri kuwa kila mmoja anamsema yule yule.

Na kweli ni yule yule. Kisa hicho kilitungwa na Mjapani aitwaye Yoichi Takahashi, akaanza kukichapisha mwaka 1981, na mwaka 1983 kikaanza kuonyeshwa Japani katika televisheni. Kilipotiwa Kiarabu, Tsubasa akageuzwa jina akawa Kapteni Majid, na watoto wa nchi za Kiarabu wakakua wakimjua kwa jina hilo kana kwamba ni mtoto wa jirani. Wakati askari wa Japani walipokuwa Samawah, kusini ya Iraki, mwaka 2004, wakigawa maji, walibandika picha za Kapteni huyo kwenye magari yao ya maji, ili watu wa mji wajue kuwa waliokuja si wageni kabisa. Basi jambo lililowasalimisha Wajapani na watoto wa Iraki ndilo lililomsalimisha mpwa wangu na vijana wa Ngamiani.

Lakini mimi wakati huo sikuyajua hayo, wala sikutaka kuyajua. Nilichokijua ni kelele. Siku moja katika mwezi wa Shaabani mwaka 2023 nilikuwa nimerudi mazikoni, kichwa kizito, nikawakuta watatu hao wamelizunguka lile simu, mpwa wangu akisema maneno kwa sauti za kugeuzageuza na wenzake wakicheka. Nikatoka na bakora. Nikawaambia, "Baraza hii ni ya watu wa maana. Nendeni mkafanye uhuni wenu kwingine." Wale vijana wakasimama, wakasema, "Tunaomba radhi, babu," wakaenda zao. Simu nikaichukua nikaifungia sandukuni. Mpwa wangu hakujibu neno. Nami nikalala usingizi mzuri, najiona nimetimiza ulezi.

Zikapita siku kumi. Kijana akarudi katika hali yake ya kwanza, na pengine mbaya zaidi. Usiku mmoja baada ya Isha nikasikia hodi. Alikuwa yule mtoto wa muuza samaki, peke yake, na vibua vichache ndani ya mfuko ambavyo baba yake alimpa avilete.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kudai simu?"

"Hapana, babu. Nimekuja kukuomba umruhusu aitazame ile moja tu. Ile ya mama yake."

Nikamwuliza, "Ya mama yake vipi?" Akanitazama kama mtu aliyedhani kuwa nilikuwa najua. Kisha akanieleza. Mpwa wangu alipokuwa mdogo kule Maskati, Kiarabu cha katuni zile kilikuwa kigumu kwake, kwani si Kiarabu cha mtaani bali ni kile fasihi cha vitabuni. Mama yake akikaa naye kila jioni akimfasiria kwa Kiswahili, neno kwa neno, akigeuza sauti: huku sauti ya Majid, huku ya kipa, huku ya mtangazaji wa mpira. Alipougua, wakaendelea kutazama akiwa kitandani, mpaka sauti yake ikaisha. Na sasa hapa Tanga wenzake hawajui Kiarabu, basi yeye huwafasiria, na sauti anazozitumia ni zile za mama yake.

Ndugu msomaji, hizo ndizo kelele nilizozitolea bakora.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba jambo hili alilijua mtoto wa watu, nami ninayekula naye sinia moja sikulijua. Kijana hakuniambia kwa sababu sikupata hata siku moja kumwuliza anatazama nini. Wenzake walimwuliza, tena wakauliza kwa mapenzi, kwani wao wanakipenda alichokipenda. Mtu hamfungulii moyo wake kila amlishaye. Humfungulia yule ambaye mbele yake haoni haya kwa anachokipenda.

Usiku ule nilikumbuka pia mambo yangu mwenyewe. Mimi ni mchezaji wa bao tangu ujanani. Marafiki zangu wote wa kweli niliwapata kwenye mashimo yale 32. Hatukukutana kwa ukoo wala kwa kazi. Tulikutana kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa radhi kusahau kahawa ikapoa, akitafakari aitumie nyumba yake au aihifadhi. Tulianza kwa kutaniana na kushindana, lakini alipofariki baba yangu, waliochimba kaburi walikuwa ni wao. Hapana aliyetuita wahuni, kwa kuwa mchezo wetu ulikuwa mchezo wa wazee.

Ila sitaki nikufiche, bao nalo lilipata kunipoteza. Mwaka 1987 mtoto wangu wa kwanza alishikwa na homa kali usiku, nami niko barazani nimenogewa na mtaji. Mke wangu alituma mtu mara mbili, nami mara mbili nikajibu, "Naja." Alipochoka kungoja alimbeba mtoto mgongoni akaenda naye hospitali peke yake, kwa miguu, gizani. Mwenyezi Mungu alitunusuru, mtoto akapona. Mke wangu hakunisema hata siku moja, na huko kutonisema ndiko kunakonisema mpaka leo. Basi mtu kama mimi alipata wapi ujasiri wa kumwona mtoto yatima kuwa ni mpotevu kwa sababu ya katuni?

Asubuhi yake baada ya Alfajiri nilifungua sanduku, nikampa mpwa wangu simu yake, nikamwambia, "Nisamehe, baba. Sikujua." Akainama, akanibusu mkono, akasema, "Hukunikosea, mjomba." Nikajua ananistahi tu. Jioni ile niliwatuma watu wawaite wale wenzake, nikawaomba radhi barazani pale pale nilipowafukuza, kwani kosa la hadharani haliombewi msamaha chumbani.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kujifunza khabari za michezo yao, kama vile wao walivyokubali kujifunza ya kwangu. Nimejua kuwa kampuni ya Nintendo, ambayo jina lake hawaliachi midomoni, ilianzishwa katika mji wa Kyoto mwaka 1889, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ni kutengeneza karata. Kumbe ni mchezo wa baraza uliobadilisha nguo! Nami nimewafundisha bao: kwamba kila mtu huanza na kete 22 mkononi, kwamba namua ni kupanda na mtaji ni kuvuna, na kwamba mwenye pupa hula sasa akaliwa baadaye. Yule wa ufundi wa simu amekuwa hodari kiasi cha kunitoa jasho.

Lakini, ndugu zangu, mtu asinifahamu vibaya akadhani nasema vijana waachiwe tu. La! Mwaka 2019 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliridhia orodha mpya ya maradhi, iliyoanza kutumika mwaka 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa michezo ya kompyuta. Alama zake ni tatu: mtu ashindwe kujizuia, mchezo utangulie kila jambo jengine, na aendelee ingawa anaona madhara. Niliposomewa alama hizo nilinyamaza, kwa kuwa zote tatu zilikuwa zangu usiku ule wa mwaka 1987, na wala sikuwa na kompyuta.

Na liko jambo jengine ambalo aliyenizindua nalo ni mpwa wangu mwenyewe. Baadhi ya michezo hiyo huuza makasha yaliyofungwa: unatoa fedha bila kujua utapata nini, huenda ukapata kitu cha thamani, na aghlabu hupati. Kule Ubelgiji mamlaka yao ilitamka mwaka 2018 kuwa makasha hayo ya kulipia ni kamari. Nikamwuliza kijana, "Na wewe unayaonaje?" Akasema, "Mjomba, hata bila ya Wabelgiji, sisi tunalijua jina lake." Nikamshukuru Mola.

Tumepatana masharti, tena hatukupatana kwa bakora. Adhana ikilia, simu hulala. Kazi ya shule hutangulia. Kenye kibanda cha gemu chenye mashine za kutumbukiza sarafu hawaingii. Na akiitwa na mtu wa nyumbani, hasemi, "Naja," bali huja. Sharti hilo la mwisho nililitia kwa ajili yangu.

Sote tumesomeshwa tangu chuoni ule mfano wa Mtume (s.a.w.) wa rafiki mwema na rafiki mbaya, wa muuza miski na mfua chuma mwenye mivuo. Wa kwanza, hata usiponunua kwake, utaondoka unanukia. Wa pili, hata asipokuunguza nguo, utaondoka unanuka moshi. Kwa miaka mingi niliufahamu mfano huu kuwa ni wa kutazama watu wanafanya nini. Leo naona kuwa ni wa kutazama mtu huondoka vipi baada ya kukaa nao. Mpwa wangu alikuwa akiondoka kwa wale vijana akila, akicheka, akijibu salamu kwa sauti. Kwangu akiondoka kimya. Basi tujiulize, katika nyumba ile, ni nani aliyekuwa muuza miski na ni nani aliyekuwa na mivuo?

Mwaka 2024 niliugua miguu, nikawa siwezi kwenda msikitini peke yangu. Walionishika mikono kwa zamu, Magharibi na Isha, walikuwa ni hao watatu. Njiani wakibishana mambo ya katuni zao, nami katikati yao sifahamu nusu ya wanayoyasema. Na ustadhi wa chuoni ameniambia kuwa Kiarabu cha mpwa wangu ni cha kusifika, akaniuliza amekipata kwa nani. Nikamjibu, "Kwa mama yake."

Ndugu mzazi, ikiwa una kijana chumbani na simu yake, usianze na bakora, wala usianze na waadhi. Ingia, keti karibu naye, umwombe akuonyeshe anachokitazama. Kisha mwulize, "Na nani mwengine anayekipenda hiki?" Akikwambia hapana, basi umejua ugonjwa ulipo, nao si simu. Akikutajia mtu, mwambie amlete barazani, umjue kwa jina na kwa wazazi wake, umpe kahawa. Mengine utayaona mwenyewe.

Mwenyezi Mungu amrehemu dada yangu, na atujaalie sisi na watoto wetu marafiki tutakaoondoka kwao tukinukia.