Bibi kanituma gofu!

Wiki hii sikuwa harusini wala saluni, nilikuwa gofu. Usicheke. Ni mimi huyuhuyu wa Kibaha Maili Moja, niliyezoea kelele za wapiga debe na moshi wa mahindi ya kuchoma.

Mkasa wenyewe ulianzia Kisarawe, kwa bibi yangu mzaa mama. Kuna mtoto wa mjomba wangu pale, kamaliza fomu foo miaka mitatu iliyopita, matokeo yakawa yaleyale ya wengi wetu (na mimi nimo, sina cha kuficha). Kahamia Makongo kwa rafiki yake, mwisho wa mwezi anarudi nyumbani kaungua jua, ukimwuliza anafanya nini anajibu, "Nipo gofu." Majirani wakaanza yao. Mara kibaka, mara mbeba mizigo. Sasa juzi katoa jipya, anataka bibi auze kipande cha shamba la mikorosho ili yeye anunue fimbo. Fimbo, jamani!

Bibi kanipigia simu usiku. "Mke mwenza, nenda kamwangalie mume wetu huko aliko. Kama hiyo fimbo kaagizwa na mganga nijue mapema."

Basi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nikadaka gari la Mbezi, pale stendi ya Magufuli nikabadilisha, nikapanda linalopita Goba, huyo nikashukia Lugalo. Kiwanja kiko ndani ya kambi ya jeshi na wenyewe ni JWTZ, kwa hiyo getini unajieleza kiungwana na simu unaitia kwenye pochi. Jina lenyewe la Lugalo limetoka Iringa, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwachakaza Wajerumani wa kamanda Zelewski, tarehe 17 Agosti 1891. Sasa hapo kwenye jina la vita ndipo watu wazima wanapofukuzana na kijipira cheupe, taratibu, bila hata kugombana.

Msomaji, uzuri wa pale usiambiwe. Majani yamelala kama zulia la msikitini, miti imejipanga kila mmoja na kivuli chake, na kimya kile! Mtu akitaka kupiga, wenzake wote wanabana pumzi. Mimi kwetu kimya hivyo ni msiba. Niliona na maji yakirushwa juu ya majani, yanazunguka yenyewe, nikabaki nimeduwaa. Nikiwa mdogo, likizo Kisarawe ilikuwa ni kupanga foleni ya madumu na kupanda mlima na ndoo kichwani. Maji ya Ruvu Juu yanasukumwa kutoka Mlandizi, yakatupita kuelekea Dar miaka na miaka, na bomba la kutoka Kibamba kwenda Kisarawe lilizinduliwa mwaka 2020 tu. Siku hiyo bibi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Aibu yangu nayo niiseme. Nilikuwa nimevaa mchuchumio. Nimemwona mdogo wangu kwa mbali, nikakata moja kwa moja kumfuata, kumbe nakanyaga grini, yaani pale penye shimo ambapo majani yanakatwa mafupi kama kichwa cha kuruta. Kisigino kikazama. Yule kijana aliruka kama kaona nyoka, "Dada, vua viatu! Vua!" Nilimaliza mzunguko peku, na nyayo zangu hazijawahi kustarehe vile.

Kazi yake ni ukedi. Anambebea mchezaji begi la fimbo, na sheria inaruhusu fimbo zisizidi 14, anatembea naye mashimo yote 18. Hizo ni kilomita saba hadi kumi, kwa saa kama nne hivi. Siku nzuri anarudi na hela ya kula siku tatu, siku mbaya na nauli tu. Siku hiyo alikuwa na mzee mmoja mstaafu, mpole, aliyenikubalia niwafuate nyuma. Nikajiandaa kumwonea huruma mdogo wangu, maana begi lile linamkata bega. Kumbe sikuwa nimeona bado.

Tulipofika mahali pana mteremko, mzee kasimama, kaitazama bendera kule mbali, kamgeukia kijana. "Ipi?" Kijana katupa vijani hewani kupima upepo. "Saba, mzee, halafu iache iteremke yenyewe." Mzee kachukua namba saba. Kapiga, kijipira kikaanguka, kikateremka chenyewe. Hakuna aliyesema kitu. Mtoto wa Kisarawe, ambaye kwa majirani zetu ni kibaka!

Mchezo huu ulikuja na wazungu na mambo yao. Kule kwao Scotland bunge liliupiga marufuku mwaka 1457 kwa sababu vijana waliacha kufanya mazoezi ya upinde. Huku kwetu Entebbe walikuwa na klabu mwaka 1901, Nairobi mwaka 1906, na Mwafrika siku hizo aliingia kiwanjani kwa kubeba begi tu. Leo wachezaji ni watu wa rangi zote, na akina dada wamo, akina Madina Iddi na Hawa Wanyeche wameibeba bendera yetu nje. Ila begi bado lina mbebaji, na mbebaji bado ni wa uswahilini.

Baada ya mzunguko mzee alimwachia kijana apige mpira mmoja. Sijui gofu, sitajifanya mtaalamu. Nilisikia mlio tu, mkavu, kama korosho inapopasuka motoni, kisha mzee akapiga mluzi.

Tukakaa na soda. Akaniambia fimbo za mtumba, seti nzima, bei yake ni kama bati za nyumba ya vyumba viwili. Akaniambia habari za Mmarekani Ben Hogan, mtoto wa mhunzi, aliyeanza ukedi akiwa na miaka 11 na baadaye akashinda mashindano makubwa tisa. "Na hapa kwetu, dada, wachezaji wa kulipwa wengi wametokea kwenye begi." Nilitaka kufurahi naye. Lakini nyuma yake, chini ya mti, makedi wengine walikuwa wanangoja kuitwa, na mmoja ana mvi. Nikamwuliza, yule naye anapiga vizuri? Akanyamaza kidogo. "Yule ndiye aliyenifundisha."

Jumapili nikapanda Kisarawe. Nilimweleza bibi yote, mluzi wa mzee na mvi za yule kedi, sikuficha hata moja. Alinisikiliza huku anapepeta mchele.

"Na hilo shimo lenyewe lina ukubwa gani?"

Nikachukua kikombe cha chai nikamwonyesha mdomo wake. Sentimita kumi na kitu, basi.

"Na majani yote hayo uliyonisimulia?"

"Heka na heka, bibi."

Alicheka mpaka ungo ukamtoka mkononi. Kisha akatoka nje, akaenda kusimama kwenye mikorosho yake, ile iliyopandwa na marehemu babu, akaikagua mti mmoja mmoja. Aliporudi hakusema anauza wala hauzi. "Mwambie aje mwenyewe," kasema. "Na aazime hiyo fimbo, aje apige hapa uani, nione."

Kijana anakuja Jumamosi hii. Mimi nimeshawaambia majirani waanike nguo zao mbali.