Keki ya Dar yanywea Tunduma, shira ya limau yaokoa jahazi

Wiki hii siwaandikii kutoka kwenye kibaraza chetu cha Temeke. Niko Tunduma, mkoa wa Songwe, nimevaa masweta mawili na soksi za kuazima, na vidole vyangu vinanuka limau mpaka kwenye kucha.

Kutoka Dar hadi huku ni zaidi ya kilometa 900, barabara ile ile ya TANZAM. Unaipita Morogoro, unaipita Iringa, unaipita Makambako, unafika Mbeya umechoka hoi ukidhani ndiyo mwisho. Wapi! Bado kuna Mbalizi, bado kuna Mlowo na mashamba ya kahawa ya Mbozi, bado kuna Vwawa ambako ndiko makao makuu ya mkoa.

Halafu unaanza kuona malori. Si mawili, si matatu. Yamejipanga kama watoto wa shule mstarini, yanangoja kuingia Zambia na mengine yaende zake mpaka Lubumbashi, Kongo. Ukiona dereva anasonga ugali pembeni ya trela lake, jua umefika Tunduma.

Mkoa wenyewe bado kijana, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Lakini mji ni mzoefu wa wageni. Reli ya TAZARA inapita hapa tangu miaka ya sabini, ikitoka Dar kwenda Kapiri Mposhi, kilometa 1,860 zote.

Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Zambia. Nikisema ng'ambo usifikirie mto wala daraja. Unavuka barabara tu, umeshatoka nchini! Wanyamwanga wapo pande zote mbili, shangazi yuko Tanzania na mpwa wake yuko Zambia, na mwenye duka anapokea shilingi na kwacha bila kukunja uso.

Kilichonileta

Sikuja kutalii, nisiwadanganye. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakuwa ya kutundika ukutani. Fizikia nilipata F, na hiyo F niliihangaikia kweli kweli. Nataka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ada haidondoki kutoka mbinguni.

Mama yangu mdogo anaishi hapa, anauza chai na vitafunwa kwa madereva. Keki anaoka kwa oda. Akanipigia simu: "Mwanangu, njoo unisaidie. Oda ya kwanza utakayooka wewe, faida yake weka kwenye kibubu chako." Nikafunga begi siku hiyo hiyo.

Oda yenyewe ilikuja Alhamisi asubuhi. Dereva mmoja Mzambia, mteja wa chai wa siku nyingi, Kiswahili chake cha barabarani kizuri tu. Binti yake alikuwa anatimiza miaka 7 Jumapili, nyumbani Ndola. Alitaka keki yenye matunda na harufu ya limau kama ile aliyowahi kuila pale kwa mama mdogo. Akalipa pesa yote taslimu.

"Mama, karatasi zangu zinatoka kesho," akasema. "Saa nne naondoka. Nisipoondoka hiyo saa, Jumapili sifiki."

Mama mdogo akanitazama. Nikamjibu dereva mimi: "Kaka, wala usiwe na wasiwasi."

Ubishi wa mtoto wa Dar

Tukaenda sokoni. Limau, machungwa, ndizi mbivu, zabibu kavu, mayai, siagi. Pesa ya dereva ikaingia sokoni na chenji ikabaki kidogo sana.

Jioni nikawasha jiko la mkaa. Oveni hatuna, na huku wengi hatuna, lakini keki tunakula. Unachukua sufuria kubwa, unamwaga mchanga mkavu chini, unalipasha moto, chombo cha keki unakikalisha juu ya mchanga. Unafunika, na juu ya mfuniko unaweka makaa. Moto juu, moto chini.

Mimi keki naijua tangu niko darasa la sita. Nilifundishwa na jirani yetu Temeke na vipimo vyote viko kichwani. Nikapima bekingi pauda vijiko viwili vya chai, vimejaa.

Mama mdogo alikuwa pembeni anafuma sweta. "Punguza hiyo. Huku si Dar."

"Mama mdogo, keki ni keki bwana."

Hakubishana. Aliendelea kufuma.

Msomaji, keki ilipanda ile mbaya! Nilifunua baada ya kama dakika 25 nikaiona imevimba kama kilemba cha shehe. Nikamwita mama mdogo aje ashuhudie. Nikafunika. Nilipofunua tena, nikachoka mwenyewe. Katikati palikuwa na shimo. Kule Ndolezi, Mbozi, kuna kile kimondo maarufu kinachotajwa kuwa na tani 12. Basi ungedhani kimeanguka kwenye keki yangu. Kingo ngumu, kati mbichi.

Saa mbili na nusu usiku. Baridi ya mwezi wa saba inapita chini ya mlango. Unga ulikuwepo, sukari ilikuwepo, siagi ilitosha. Mayai yalikuwa yamekwisha, na pesa iliyobaki haikutosha hata mayai mawili. Ya dereva tumeshaila, na mama mdogo hajawahi kudaiwa na dereva hata senti.

Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Sikulilia keki peke yake. Nililia na ile F.

Mlimani hewa ni nyepesi

Mama mdogo alinipa kikombe cha chai ya tangawizi, akaniuliza swali: "Maharage huku yanachukua muda gani kuiva?"

Nikasema muda mrefu kuliko Dar, tena nilikuwa nimelalamika juzi tu.

"Basi. Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho."

Ndipo ile Fizikia ikanirudia kichwani, imechelewa kama basi bovu. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, haikandamizi sana kama ya Pwani. Maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100, ndiyo maana maharage yanachelewa. Na keki je? Vipovu vya bekingi pauda vinavimba haraka kwa kuwa juu hakuna uzito wa kuvizuia. Keki inakimbilia juu kabla unga na mayai havijashikamana. Ikifika juu inakuta haina miguu ya kusimamia. Inakaa chini.

Mwalimu wangu alilisema jambo hilo la presha ya hewa kidato cha pili. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani.

Dawa ni ndogo tu. Bekingi pauda unapunguza kama robo. Sukari unapunguza kidogo. Unaongeza kijiko kimoja cha unga na viwili vya maziwa, maana huku unyevu unakimbia upesi. Mama mdogo hakusoma hiyo Fizikia. Aliunguza keki zake mwenyewe mpaka akajua.

Shira

Sasa mayai yatatoka wapi? Mama mdogo alikata ile keki yangu iliyonywea. Pale kati palipokuwa pabichi akapatoa, kingo akazikata vipande vya mraba. Akakamua limau na chungwa, akaweka sukari, akapasha mpaka sukari ikayeyuka. Sisi tuliokulia Pwani tunaijua hiyo. Ni shira, ile ile ya kaimati na visheti, ila hii ina ukali wa limau. Akamwagia kila kipande kijiko kimoja, akafunika na sahani, tukalala.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kwenye malori na birika la chai. Vipande vile vilikuwa vimelainika, vimekunywa shira mpaka chini, na madereva waliokesha kwenye baridi walivigombania. Hakuna aliyeuliza kwa nini havina sehemu ya katikati. Saa moja na nusu sahani ilikuwa tupu na mimi nakimbilia dukani kununua mayai.

Saa ya nani?

Keki ya pili niliichanganya kwa adabu. Vijiko viwili vya bekingi pauda vikawa kimoja na nusu. Mama mdogo akasema kitu, nikaitikia "ndiyo mama" kabla hajamaliza. Lakini mkaa ulikuwa umelala kwenye umande, ukagoma kushika. Saa tatu kasoro ndipo chombo kikaingia kwenye sufuria, na keki hii inataka kama saa nzima.

Saa nne kasoro dakika tano nikachoma katikati kwa sindano ya kufumia sweta. Ikatoka na ute. Bado.

Saa nne juu ya alama, dereva hakuonekana. Roho ikanipaa. Nikavaa kandambili nikakimbia mpaka kwenye foleni, nikiwa na uhakika lori limeshavuka na mtoto wa watu atakaa mezani bila keki.

Nikamkuta anapiga mswaki pembeni ya tairi.

"Kaka, si ulisema saa nne?"

Akaangalia saa yake. "Dada, saa nne ya kwetu. Sasa hivi ni saa tatu."

Msomaji, nikakumbuka. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja! Ukivuka barabara pale unarudi nyuma dakika 60. Sijawahi kuipenda nchi ya jirani kama siku ile.

Niliporudi, sindano ilitoka kavu. Keki imesimama, haina shimo, rangi ya maandazi yaliyoiva vizuri. Tukaitoboa toboa ikiwa bado ya moto, tukamwagia shira taratibu, kijiko baada ya kijiko. Ya moto inakunywa, iliyopoa inateleza nje. Hilo nalo ni la mama mdogo.

Nikamuuliza kwa nini asiweke krimu, ipendeze kama za mjini. Akaniambia krimu inataka friji, na njia ya Ndola inataka siku mbili ama zaidi. Sukari ya shira inashika unyevu, haiachi keki ikauke. Keki ya krimu ni ya jirani, ya shira ni ya msafiri.

Tuliitia kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, tukaacha nafasi ipumue mpaka ipoe. Dereva aliibeba kwa mikono miwili, akaiweka kwenye kile kitanda nyuma ya kiti chake, akaizungushia blanketi. "Natotela," akasema, ndiyo asante ya Kibemba. Akawasha gari.

Ukitaka kujaribu

Unga wa ngano vikombe viwili na kijiko kimoja cha mezani. Sukari robo tatu kikombe. Siagi gramu 200, mayai manne, ndizi mbivu moja iliyopondwa, zabibu kavu kiganja kimoja, maziwa vijiko viwili vya mezani. Maganda ya limau mawili na chungwa moja, uyakwangue juu juu, ule weupe uuache kwa sababu ni mchungu. Bekingi pauda kijiko kimoja na nusu cha chai. Ukiwa Dar, Tanga ama Mtwara, weka viwili, ondoa yale maziwa na kile kijiko cha unga cha ziada.

Piga siagi na sukari mpaka vilainike. Huku kwenye baridi siagi ni jiwe, ikalishe kwanza karibu na jiko. Ongeza mayai moja moja, kisha ndizi na maganda, kisha unga na bekingi pauda, maziwa, mwisho zabibu. Oka kama saa moja, na dakika 40 za mwanzo usifunue kila saa kama nilivyofanya mimi.

Shira ni maji ya yale malimau mawili na nusu ya chungwa, na sukari nusu kikombe.

Ndoo imerudi

Juzi dereva amepita tena kuelekea Dar. Ndoo yetu akairudisha, na kama ilivyo kwetu, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ndani aliweka sukari ya Zambia kilo moja. Mama mdogo akamuuliza kama ameilipia ushuru, wakacheka wote wawili.

Akasema kipande cha mwisho kililiwa Jumatatu na kilikuwa bado laini. Akasema pia binti yake ametuma swali: kwa nini ile keki ina matobo?

Nilimweleza. Nikaona nimenogewa, nikamweleza na habari ya hewa nyepesi, na maharage, na vipovu. Mama mdogo alikuwa anasikiliza huku anafuma. Akasema, "Huyu wakimpa tena ule mtihani, sijui kama watampata."

Kibubu kina uzito sasa. Kujiandikisha kukianza mwakani, ada itakuwepo. Kwa leo naishia hapa msomaji wangu, kuna oda ya keki mbili na mkaa nimeshauanika tangu asubuhi.