Neno Mahali Pake

Sisi watu wa pwani hudhani mtoto hahitaji kufunzwa kupanga maneno, kwani Kiswahili amekinyonya kwa mamake. Huko Njombe na Makambako, ambako watoto wengi hutoka nyumbani na Kibena, nimeona mambo mengine. Mwalimu huandika neno moja moja juu ya vipande vya boksi, na mtoto huvipanga mwenyewe mpaka sentensi itimie.

Chukua vipande vitatu: Ali, amempiga, Juma. Sasa vigeuze: Juma, amempiga, Ali. Hakuna neno lililozidi wala lililopungua, lakini aliyedhulumiwa amekuwa dhalimu! Tukisema "Kitabu amekisoma Juma", ile "ki" hutuonyesha kilichosomwa. Lakini hapa wote wawili ni watu. Hawatenganishwi ila na mpango wa maneno.

Basi mwanao akija analia, usimmalizie maneno yake. Mwulize: nani kamfanya nini nani? Kisha mngoje ayapange. Leo ni ugomvi wa gololi; kesho ataitwa kutoa ushahidi, na haki ya mtu itategemea sentensi yake.